Hodi Horini Chovai

Jumatatu nilimsindikiza jirani kwenye ofisi ya kuandikisha wakimbizi hapa Mombasa. Mbele yetu alisimama mzee wa Kibajuni, kofia mkononi. Karani alimtazama kama mtu anayekagua noti ya bandia.

"Unasema umetoka kisiwa cha Chovai, huko Somalia. Haya, wakati wa joto mnavuaje?"

Mzee akachangamka. "Kaskazi ikishalegea, maji huwa maangavu, mchanga wa chini wauona. Yakianza kujaa, samaki changu huingia horini, pale bahari inapopenya kisiwani. Hapo twatupa mishipi. Lakini kwanza twabisha hodi." Akagonga kaunta kwa kifundo cha kidole, mara tatu, polepole. "Hivi, ubavuni mwa mashua."

"Mnambishia nani?"

"Wenyewe wa pale. Wazee wetu walibisha, nasi twabisha. Hapakuwa na jibu hata siku moja."

Karani akaandika, huku anatabasamu.

"Vita vilipofika Kismayu tukakimbia," mzee akaendelea. "Mashua ya kwanza ilizama palepale horini, na ndugu zangu wawili ndani. Sisi wa mashua ya pili tulipopita tukabisha, kama desturi. Tukajibiwa. Mara tatu, kutoka chini."

Karani akacheka, akainua kidole agonge kaunta. Mzee akamdaka mkono.

"Mwanangu, usibishe kama huna la kuwaambia."

Karani akaurudisha mkono. Aliiwekea fomu muhuri taratibu, bila kishindo. Nami tangu siku hiyo, nikifika kwa watu, naita jina tu. Mlango siugusi.