Lori Lisilozimwa

Nilipomaliza masomo ya jioni nilijiona nina akili za kugawia mtaa mzima wa Nyakabiga na nyingine zikabaki. Patroni wangu, mwenye malori matatu ya kubeba saruji, ambaye nilikuwa karani wake, akanipa kazi ya akili hizo: nimchunguze shoferi mmoja, maana lori lake lilikunywa mazutu, dizeli yetu, kuliko mengine mawili yakiunganishwa.

"Anauza," alisema. "Uniletee mutu anayenunua. Kisha shoferi anaenda kwao."

Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kumshuku mtu ilikuwa kama kumsalimia. Nikamfuata kwa baiskeli hadi Kamenge. Saa sita mchana alisimamisha lori mbele ya nyumba ya dada yake, akaingia kula. Injini ikabaki inanguruma. Nikajibanza kwenye migomba, nikingoja mnunuzi aje na dumu. Saa saba, hakuna. Saa nane, moshi umenikausha kama samaki. Ungenipeleka sokoni ningenunuliwa. Nikajiambia, kelele hii inaficha jambo. Dumu linapita nyuma.

"We karani!" Shoferi alikuwa mlangoni, anachokonoa meno. "Toka mu migomba. Maharagi inapoa."

Nikala, nisije nikaonekana mpelelezi. Kisha nikamuuliza: "Muzee, mbona hauzimi kamio?"

"Injini ya moto haizimwi."

"Apana! Mi nimesoma."

"Ulisoma ya jioni. Hii ni ya mchana."

Nikashuku mara kumi zaidi. Nikaparamia lori, nikalizima.

Kimya. Hata kuku waliacha kudonoa. Shoferi akashika kichwa.

"Basi iwashe tena," nikasema.

"Na nini? Demareri imekufa tangu mvua ya kwanza."

Yaani ile mota ndogo ya kuwashia. Ua wa patroni, kule Musaga, uko kwenye mteremko: kila asubuhi lori liliserereka likawaka, na halikuzimwa hadi jioni. Shoferi hakusema, kwa sababu patroni alikuwa na sheria moja: lori likifia mkononi mwako, wewe ndiye umeliua. Shoferi aliyemtangulia aliondoka hivyo.

Sasa lilikuwa limefia mkononi mwangu.

Watu mia moja wa Kamenge, au tuseme kumi na wawili, walisukuma hadi likawaka. Patroni alitungoja langoni.

"Nani anauza?"

"Hakuna, patroni. Mazutu inaungua bure, kamio imesimama. Demareri imekufa."

"Nani ameiua?"

Shoferi alitazama viatu vyake. Alikuwa na watoto sita.

"Mi ndiye nilizima," nikasema. "Ikakataa kuwaka."

"We? Haujui hata kufungua mulango yake!" Akanisogelea, akanusa. "Na umekula kwake."

Lakini kesho yake alileta fundi. Lori likaanza kunywa kama mengine. Shoferi alibaki na usukani wake. Ila kila akizima, alikaa kwanza mkono kwenye ufunguo, kama mtu anayehofu kudanganywa.

Kazi ya kuchunguza akapewa karani mwingine. Wa kwanza kuchunguzwa nilikuwa mimi.