Taa Iliyomfukuzisha Shangazi

Juzi nilikuwa gereji moja hapa Bariadi nikisubiri kigoda changu cha chuma kichomelewe, masikio yakiwa kazini. Mwanamume mmoja alileta gari ambalo taa ya breki kwenye dashibodi haizimi tangu abadilishe beringi ya gurudumu mwenyewe, uani kwake.

“Shangazi ndiye aliyenilea,” alimwambia fundi, “lakini alipita karibu nikiwa nafunga gurudumu. Mganga akasema ni mkono wake. Tumemfukuza, yuko Mwamapalala.”

Fundi akachomeka mashine ya kupimia, akasoma, akafungua gurudumu. Akamwonyesha waya uliobanwa mpaka ukakatika.

“Huu ni wa sensa inayosoma mwendo wa gurudumu. Uliubana wewe wakati wa kufunga, bosi. Shangazi hana spana.”

Waya ukaungwa, taa ikazima. Mwanamume akatoa simu. Nikajisogeza, nikidhani anamwita yule bibi wa watu arudi nyumbani.

“Mama watoto, taa imezima,” alisema, kaziba mdomo kwa kiganja. “Ila usimwambie mtu kwamba ulikuwa waya.”

Haya, huyo aliyekatazwa ni mkewe. Mimi hakunikataza mtu.