Ardith na Karata za Clell Yoder

Meza yetu ya pokeri pale Elko, Nevada, ilikuwa nyuma ya baa ya Kihlstrom, na mimi ndiye niliyekuwa nikigawa karata. Wageni walimdharau Ardith Lomax walipomwona mara ya kwanza: mjane aliyepika shuleni maisha yake yote, sweta begani. Halafu walifilisika. Ardith hakuwa na haraka ya kutazama karata zake. Aliwatazama wenzake wakichungulia zao. Mwenye karata kali hutupia jicho dau lake kisha akajifanya anaangalia mlango. Mwongo hukukodolea macho.

Aliyemsumbua alikuwa Clell Yoder, fundi mstaafu wa treni. Miaka nenda miaka rudi walikaa wakitazamana na kuchokozana.

"Leo unanisoma nini, mama?"

"Uongo. Kama jana."

"Basi weka dau, tuone."

Clell alikuwa akichungulia karata zake mara moja tu, kisha anaziacha chini mpaka mwisho. Majira ya kupukutika majani alianza kuzichungulia tena. Mara ya pili, ya tatu. Wenzake walicheka, wakasema mzee kabuni mtego mpya, na wengine wakatupa karata zao kumkwepa. Ardith hakucheka. Siku moja nilimwona akitupa ree mbili, karata za juu kabisa ambazo hakuna mwenye akili angezitupa, ili Clell achukue dau na asilazimike kuonyesha zake.

Mchezo ulipokwisha alimfuata nje. Nilikuwa mlangoni navuta sigara.

"Clell, karata zako unazitazama mara ngapi siku hizi?"

"Nakutega."

"Hunitegi. Unazisahau."

Clell alikung'uta kofia yake kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Basi iishie kwako. Binti yangu akisikia atanihamishia Reno, na Reno sina mtu wa kugombana naye."

Ardith aliniangalia. Nikatazama pembeni. Alimwahidi.

Kuanzia hapo akawa anamlinda mezani. Mtu akitaka kumkamua Clell, Ardith aliingia kati na kumkamua huyo mtu. Clell akirudia hadithi ileile, Ardith alimuuliza maswali kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia. Sijui kama mzee alielewa. Nadhani alielewa.

Januari, asubuhi ya theluji, Clell aliwasha gari kuja kwetu baa, umbali wa mtu kutembea kwa miguu. Walimkuta njia ya kwenda Wells, mji mwingine kabisa, mafuta yamekwisha, amekaa nyuma ya usukani akimsubiri mkewe, aliyekwisha kufa zamani. Alipona, ila madaktari walimkata vidole vya mguu mmoja vilivyoganda kwa baridi.

Binti yake, Noreen, alikuja kufunga nyumba. Akapita baa kuchukua koti la baba yake, akamkuta Ardith.

"Watu wanasema wewe humsoma mtu kama gazeti. Kwa baba hukuona kitu?"

Angeweza kumdanganya. Hakuna uso uliojua kuficha kuliko ule.

"Niliona," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya theluji. Aliniomba ninyamaze."

Noreen alimpa mgongo. Alichukua koti, akatoka. Ardith akanirudishia karata nilizokwisha kumgawia, na hakukaa tena kwenye meza ile.

Barua alizomwandikia Noreen hazikujibiwa mpaka kiangazi, Noreen alipomruhusu aende Reno mara moja tu kumwona Clell. Nilimpeleka mimi. Clell alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amenyolewa vizuri, amenenepa kidogo. Alimpa Ardith mkono kwa adabu.

"Umekuja kwa ajili ya pazia?"

Ardith alimtazama usoni, akatafuta. Niliona anavyotafuta.

"Ndiyo," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya pazia."

Lilikuwa limechomoka upande mmoja. Alivua viatu, akapanda juu ya kiti, na mimi nikamshika asianguke, huku akitia kulabu moja moja. Clell alimshukuru, akamuuliza ni kiasi gani.

"Tayari umelipa," Ardith akamwambia.