Kibaba cha Mfuto

Nilijua bei ni kitu gani kabla sijajua kusoma, na nasema hivyo kwa kujivuna. Siku hizi wajukuu zangu wanarudi na madaftari yenye mistari miwili inayopishana, mmoja wa wanunuzi na mmoja wa wauzaji, wakidhani wameleta kitu kipya nyumbani. Nawaacha wanieleze mpaka mwisho. Kisha nawauliza kama mwalimu wao aliwahi kubeba maharage kichwani kutoka milimani, juu ya Mlali, hadi soko la Morogoro.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani. Reli ilikuwa inajengwa, na kambi ya vibarua ilikuwa pembeni mwa mji. Kila nyumba ilitakiwa kodi ya rupia tatu, na asiyelipa alichukuliwa na akida wa serikali kwenda kufanya kazi ya barabara. Mimi niliishi na mjomba wangu, kaka wa mama, aliyenilea na kunigawia shamba la ukoo. Funza walikuwa wamemmaliza vidole vya miguu. Kwenda mtoni tu alipumzika mara mbili. Kama angepelekwa barabarani asingerudi, na hilo tulilijua sote wawili ingawa hatukulisema. Maharage ya kumkomboa yalikuwa vikapu vitatu.

Wanawake wa kijiji tulishuka pamoja siku ya soko, tukapanga vikapu mstari mmoja, na bibi aliyetuzidi wote umri ndiye aliyefungua biashara. Alivyopima yeye ndivyo tulivyopima sote. Bei ya kibaba haikuguswa na mtu. Kilichobadilika ni nyongeza. Akipima kibaba cha tele, chenye kichuguu juu, nasi tulipima cha tele. Akipitisha kiganja juu ya kipimo kikawa cha mfuto, nasi tulipitisha. Kumpimia mteja pungufu ya bibi alivyopima kulikuwa utovu wa adabu.

Sasa fikiria. Sote tulivuna mwezi mmoja, sote tulitakiwa rupia mwezi mmoja, na sote tukashuka siku moja. Wanunuzi walipita polepole, mikono nyuma, kama watu waliokuja kutazama ngoma. Bibi akaongeza kichuguu, kisha konzi moja juu ya kichuguu, kisha ya pili. Hapo ndipo nilipoona kwamba bei imeanguka bila mtu kutamka hela moja pungufu. Kikapu changu cha kwanza kiliisha na rupia moja, yaani hela mia, haikutimia.

Nilipanda mlima kwa hasira. Lakini hasira yangu huwa inafikiri, ndivyo nilivyoumbwa. Nikajiuliza: hivi vibarua wa reli wanakula siku ya soko tu?

Soko lililofuata sikutoka. Bibi alisimama mlangoni na kikapu chake kichwani.

“Shikamoo, bibi,” nikasema. “Mimi nitashuka kesho.”

“Marahaba. Kesho si siku ya soko.”

“Najua, bibi.”

“Unajitenga, mjukuu wangu.”

Akaondoka. Wenzangu walicheka hadi kwenye kona ya njia, na mjomba ndani alikohoa kwa namna niliyoijua, namna ya kunikemea.

Kesho yake nilikwenda moja kwa moja kambini. Vibarua walipewa hela za posho kila siku, na za jana zilikuwa zimekwisha jana, kwa hiyo chakula cha leo kilingoja hela za leo. Mpishi wao akaja na mfuko. Nikapima, nikapitisha kiganja.

“Dada, nyongeza iko wapi?”

“Nyongeza ilikuwa jana, kaka.”

Alitazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta kikapu kingine. Hapakuwa na kingine. Akafungua kibindo.

Siku iliyofuata nilishuka na kikapu cha tatu, na rupia tatu zikatimia, hela kadhaa zikabaki. Lakini siku za soko waliobaki kijijini walitulindia mashamba. Siku yangu hakuna aliyenilindia. Nguruwe waliingia wakala kona nzima ya mahindi yangu. Daftari la wajukuu lina jina refu la jambo hilo, la kile unachokikosa kwa kuchagua kingine. Mimi naliita kona ya mahindi, na nikifanya hesabu naitia.

Akida alipokuja, mjomba alitoka bila mkongojo, akasimama kwa miguu yake ile, akatoa cheti cha kodi. Akida akasoma, akaenda nyumba ya pili. Kutoka hiyo ya pili alimchukua mume wa jirani yangu.

Jioni mjomba akaniambia, “Utawaeleza wenzako ulivyofanya.”

“Nikiwaeleza, mjomba, faida yangu imekwisha.”

“Umekomboa nyumba moja, mwanangu. Hesabu nyumba zilizopo.”

Sikupenda, nakiri. Lakini nilikwenda kwa bibi nikapiga magoti, nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akauliza, “Wewe unataka siku gani?” Mavuno yaliyofuata tuligawana siku: kila siku wachache wakashuka, wengine wakabaki kulinda. Bibi alipofungua biashara siku ya kwanza alipitisha kiganja juu ya kibaba, nasi sote tukapitisha, kila mmoja siku yake.

Siku yangu ilikuwa na vikapu vingine vinne pembeni yangu, na faida ya peke yangu ikaishia hapo. Mwaka ule akida alishuka mlimani bila mtu hata mmoja.