Bobini ya Nne

Iko Jumapili moja ya ujana wangu ambayo bado inanirudia, mwanangu, na hurudi kila mtu anaponiuliza kwa nini watu wa Lubumbashi waliacha kwenda sinema. Wewe Clarisse, mjukuu wangu, uliniuliza juzi hapa hapa nyumbani kwangu Kamalondo, umetoka Kasapa na daftari la chuo kikuu chini ya kwapa.

"Kambo," uliniambia, kwa jina lile la babu ambalo bado linanifurahisha, "niko na sababu tano. Inabakia moja ya muntu mwenye alitumikaka mule ndani."

Ukanisomea zako. Televisheni iliyoingia sebuleni. Kaseti za video zilizofuata. Umeme unaokuja na kwenda upendavyo. Kumbi zilizonunuliwa na makanisa ya uamsho. Na sasa simu, kila mtu anatembea na sinema mfukoni. Sikubishi hata moja. Zote nimeziona, na siku nyingine nimezishangilia, maana hata mimi nilinunua televisheni mapema kuliko majirani zangu. Lakini katika ukumbi niliofanyia kazi, viti vilianza kubaki vitupu kabla televisheni haijafika mtaani kwetu. Sikukujibu siku ile kwa sababu jibu lenyewe linaniaibisha. Leo nakujibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa operatere, yaani mtu wa kuendesha mashine ya filamu. Wakati ule filamu ilikuja kwa treni, imekatwa vipande na kuzungushwa kwenye magurudumu ya bati tuliyoyaita bobini. Filamu moja ilikuwa na bobini tano au sita. Nilikuwa na mashine mbili. Bobini moja ikikaribia kwisha, alama ndogo nyeupe ilitokea kwenye pembe ya picha, nami nikaiwasha mashine ya pili. Ukifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba upo. Kazi yangu ilikuwa hiyo, kutojulikana.

Waliokuwa wananifanyia kazi bila mtu yeyote kujua walikuwa wawili, nao walilipa kiingilio kama wengine. Mama Ilunga alikuwa mwanamke wa Pweto, kando ya ziwa Mweru, muuza samaki wakavu sokoni. Mumewe, Baba Ilunga, alikuwa mpokea telegrafu wa reli mpaka ugonjwa ulipomla macho yote mawili. Kila Jumapili baada ya misa na chakula, mama alimshika mkono wakaja kwenye onyesho la saa tisa, safu ya nne, viti vya katikati. Vijana waliwatania. "Mama Ilunga, leo umetuletea samaki ao umekuja nayo tu harufu?" Naye aliwajibu bila kugeuka, "Harufu ni ya bure. Samaki, njoo nayo feza."

Filamu zilisema Kifaransa. Mama hakukijua. Baba alikijua vizuri, lakini hakuona kitu. Basi yeye alimnong'oneza mkewe maneno, na mkewe akamnong'oneza picha. Mnong'ono wao haukuwa mdogo sana. Watu wengi wa mtaa wetu nao hawakukijua Kifaransa, na pole pole walijifunza kukaa karibu na wale wawili. Safu ya tatu ilijaa, ya tano ikajaa. Kutoka chumba changu cha juu, kwenye kile kidirisha cha mashine, niliona vichwa vimeinamia mahali pamoja kama watu wanaoota moto.

Sasa sikia kosa langu.

Jumapili saa kumi na moja timu yetu ya mtaa ilicheza mpira. Nilikuwa mchezaji wa pembeni, mwenye mbio, na nilijiona kwamba bila mimi hakuna mechi. Onyesho la saa tisa lilikwisha saa kumi na moja na kitu. Operatere mwenzangu mkubwa, aliyenifundisha kazi, alikuwa amenifundisha na ujanja: kuruka. Unachagua bobini ya katikati yenye maneno mengi na mapigano machache, unaiacha ndani ya sanduku lake, unaweka inayofuata. "Bantu banakuyaka juu ya kuona ngumi na farasi," aliniambia. "Maneno habasikiye. Unabaibia nini?"

Nilikuwa nimekwisha kuruka mara nyingi, na hakuna aliyelalamika. Jumapili ile filamu ilikuwa ya mtu aliyetoroka gerezani. Mwisho wa bobini ya tatu alijirusha mtoni amefungwa mikono, maji yakamfunika. Niliweka bobini ya tano. Hapo mtu yule yule alikuwa amevaa suti, amekaa mezani kwenye karamu ya arusi.

Kule chini palitokea vicheko vya watu waliochanganyikiwa. Baadaye nilielezwa yaliyotokea safu ya nne. Baba Ilunga aliuliza, "Alitoka mu mayi namna gani?" Mkewe alishindwa. Hakupenda mumewe abaki gizani, basi akajaza pengo kwa kile anachokijua mwanamke wa ziwa Mweru. "Bavuvi ndiyo banamutosha mu mayi," alisema. "Na wavu. Banamupakiza mu mutumbwi."

Baba akaridhika. Lakini baada ya robo saa, bibi arusi katika filamu alisema kwa Kifaransa wazi kwamba ni yeye, kwa mikono yake mwenyewe, aliyemtoa yule mtu mtoni. Baba Ilunga aliinua kichwa. Na hakunong'ona tena.

"Mama Ilunga. Bale bavuvi ni ba wapi?"

Safu tatu zikacheka. Mama akasema alikosea, hakuona vizuri.

"Hapana. Kukosea haitengenezake mutumbwi," alisema mumewe. "Tangu siku gani uko unanitungia?"

Onyesho lilipokwisha, nilikuwa nafunga mlango wa chumba changu, viatu vya mpira vimening'inia shingoni, nilipomkuta mama yule kwenye ngazi, anahema.

"Operatere, mwanangu. Kipande kimoja kilipotea?"

Nikamtazama machoni. "Hapana, mama. Filamu ilikuja vile."

"Basi shuka tu umwambie baba. Neno moja tu. Wewe ndiyo unajua mashine."

"Nimechelewa, mama."

Nikampita. Ngazi ilikuwa nyembamba, ilibidi ajibane ukutani ili nipite. Jambo hilo la kujibana ukutani, mwanangu, ndilo linalonirudia. Mpira wenyewe tulifungwa.

Jumapili iliyofuata viti vile viwili vilikuwa vitupu. Watu wa safu ya tatu na ya tano walikaa, wakageuka huku na huku, wakaulizana mtu anasema nini, wengine wakaondoka katikati. Jumapili ya pili hawakuja nusu yao. Baada ya miezi michache ningeweza kuhesabu vichwa kutoka juu bila kusimama. Mwenye ukumbi alisema ni joto. Kisha akasema filamu zimekuwa mbaya. Miaka mingi baadaye, alipouza, alisema ni televisheni, na kila mtu alimwamini, na mimi nilinyamaza.

Lakini turudi. Wiki ya tatu nilimkuta Mama Ilunga sokoni, nyuma ya samaki wake. Hakunigombeza. Alinifungia samaki wangu katika gazeti kama mteja yeyote, kisha akasema, kama anayezungumza na mizani:

"Sasa hata nikimwambia mvua inakuya, anamuuliza kwanza jirani."

Fikiri, mwanangu. Miaka sita mtu yule alikuwa ameiona dunia yote kupitia kinywa cha mkewe. Sura za wajukuu, barua za watoto walio mbali, rangi ya ukuta, nani aliyeingia mlangoni. Sasa alijiuliza yepi katika hayo yalikuwa kweli na yepi yalikuwa wavuvi. Na aliyeifanya kazi hiyo ni mimi, kwa sababu ya dakika ishirini.

Jumamosi ile nilikwenda kwao asubuhi. Baba Ilunga alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma karibu na mlango, mke wake anasafisha samaki pale uani. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilisema bobini ya nne ilibaki sandukuni kwa sababu nilidhani watu hawasikii maneno, mama hakumtungia kwa kupenda, na alipokuja kuniuliza nilimdanganya.

Baba Ilunga alinyoosha mkono, akagusa kiti cha pembeni.

"Ikala, mon petit. Sasa nipe kile kipande. Aliokolewa namna gani?"

Sikuwahi kukitazama. Kazi ya filamu niliifanya kama mtu anayepakia mizigo. Nilitazama alama ya pembeni, sikuitazama picha.

"Sijui, baba. Sikukiona."

"Na ile filamu iko wapi?"

"Ilikwenda Likasi na treni ya Jumatatu. Sijui ilikokwenda baadaye."

Hapo ndipo aliponisemesha, bila kupandisha sauti.

"Miye nilipokea telegrafu miaka kumi na tisa. Maneno ingine ilikuwa ya bure kabisa. 'Treni ya mizigo, saa nane, njia ya pili.' Njia ya pili, njia ya pili, kila siku njia ya pili. Siku moja mwenzangu alichoka kuandika ile 'njia ya pili'. Alisema banajua. Treni mbili zikakutana. Wewe nani alikuambia neno gani ni ya bure? Ulinipimia na macho yako. Ulisema bale ba chini habasikiye. Miye nilikuwa chini, na nilikuwa nasikia."

Aligeuza uso kuelekea uani, akaita:

"Mama Ilunga! Huyu kijana anafanana namna gani?"

Mama alisimama na kisu chake mkononi, akanitazama kutoka chini hadi juu. Alichukua wakati wake.

"Ni mrefu bure. Masikio makubwa. Na analia, lakini anafanya kama ni moshi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Voilà," alisema. "Hiyo naamini."

Nilijua kwamba wamepatana. Niliwaomba warudi sinema. Niliahidi viti vya bure, niliahidi bobini zote. Mzee alinishukuru kwa heshima na akakataa. Alisema nyumbani kuna redio, na redio haina ngazi. Hawakurudi tena kamwe, na wale waliokaa kuwazunguka hawakurudi.

Ukumbi ule sasa ni kanisa, unaujua. Jumapili saa tisa nikipita hapo nasikia watu wamejaa, na mhubiri anahubiri kwa Kifaransa, na pembeni yake amesimama mtu anayetafsiri kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi, haruki hata moja. Hukuiandika hiyo katika daftari lako, lakini mimi kila nikimsikia huyo mtafsiri namkumbuka Baba Ilunga.

Sasa nikuambie kwa nini nimekusimulia leo na si siku nyingine. Jumamosi iliyopita uliniambia kwamba wewe na wenzako mnaonyesha filamu kule Kasapa, katika darasa, kwa shuka jeupe na jenereta. Nilifurahi sana. Kisha ulicheka ukasema, "Kambo, mafuta ilikuwa inaisha, tulikata dakika makumi mbili pa katikati. Hakuna mutu alijua." Ulinitazama ili nicheke nawe. Nilishindwa, ukadhani nimechoka.

Mwanangu, yupo aliyejua. Yuko nyumbani kwake sasa, na pengine amegombana na aliyekuwa ameketi naye. Hatakuja kukulalamikia, maana mtu anayelalamika bado anataka kurudi. Yule mwingine hunyamaza, na Jumamosi ijayo utakiona kiti chake kitupu, na utasema ni simu.

Simu haitapotea. Umeme wa mji wetu hautanyooka kwa sababu yako. Makanisa hayatarudisha kumbi. Hayo yaache yalivyo, yaandike vizuri katika kazi yako ya chuo, yatakupa cheti. Lako wewe ni hili: ukimwita mtu aje aketi mbele yako, mpe kitu kizima. Mafuta yakipungua, onyesha filamu fupi, au simama mbele yao useme, "Mafuta yamekwisha, tutamalizia wiki ijayo." Watanung'unika, kisha watarudi kuona mwisho. Na kabla ya kuwaonyesha, itazame wewe mwenyewe yote, mpaka mtu akikusimamisha ngazini akikuuliza, uweze kumjibu. Usimpite mtu ngazini. Usiamue kwa niaba yake kwamba hasikii.

Mungu wa babu zako akupe mikono isiyo na haraka, na watu wa kukaa karibu nawe wakijaza safu mbili, tatu, wakuamini kwa kila utakalowaambia. Akulinde wewe na wenzako, na shuka lenu, na hiyo jenereta yenu inayokohoa.

Na ikitokea siku moja, katika kutafuta kwenu filamu za zamani, mkaipata ile ya mtu aliyejirusha mtoni, usinisimulie. Bado sijui bibi arusi yule alimtoaje, mto ulikuwa mpana na gauni lake lilikuwa refu. Niite tu. Nitakuja Kasapa kwa teksi, nitakaa safu ya nne, na sitaondoka mpaka taa ziwashwe.