Kurasa Thelathini na Moja Zinazomsubiri Gumato

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijachomoza vizuri, Ekidor Lobokat anapangusa benchi.

Anatumia kipande cha fulana kuukuu. Anaanza na pa kukalia, anahamia kwenye egemeo, kisha anachuchumaa kufuta miguu ambayo mvua ya usiku imeirushia matope. Akimaliza anafuta paneli za sola, anapanda ngazi kuchungulia ndani ya tangi la saruji, halafu anawasha pampu dakika chache tu ili isikae bure ikaharibika. Maji yanatiririka kwenye mahori marefu ya saruji. Hakuna ng'ombe, mbuzi wala ngamia wa kuyanywa.

Mgeni mwandishi aliyefika na gambuti zilizojaa tope, baada ya kuliacha gari ng'ambo ya laga, korongo la mvua lililofurika, anataka kujitupa kwenye lile benchi. Ekidor anamwahi na kumsogezea jerikeni.

"Kaa hapa, tafadhali. Hapo pana mwenyewe."

Huyo mwenyewe hayupo. Ukitazama pande zote nne, huoni mtu.

Ekidor, mwenye umri wa miaka 47, ni mhudumu wa kisima kilicho kando ya barabara ya Kipsing, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka mjini Isiolo barabara ikiwa na adabu. Kilichimbwa baada ya serikali za kaunti kuanza, na kamati ya watumiaji maji humlipa shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi. Hukaa hapa wiki tatu, kisha mwenzake wa zamu humpokea kwa wiki moja ili naye aende mjini, kwenye chumba anachokodi Chechelesi. Mkewe alirudi kwao Lodwar na watoto miaka sita iliyopita. Akitaka kusikia sauti zao, hupanda kilima kilicho nyuma ya kisima, ambako simu hupata mtandao pale juu kabisa, karibu na jiwe moja jeupe.

"Zamani tulikuwa na injini ya dizeli," anasema. "Hiyo ilikuwa na kelele, unaona una mwenzako. Walipoleta sola, kukawa kimya. Kimya mpaka nikaanza kusikia masikio yangu."

Ndivyo alivyoanza kusoma kwa sauti. Alitaka kusikia mtu akiongea, hata kama mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Vitabu vyenyewe vilimjia kwa sababu ya simu. Januari mwaka huu wa 2019, umeme ulikuwa umepotea kwenye ploti yake Chechelesi, akaingia maktaba ya mjini kuchaji. Mkutubi, Bi. Kajuju, mama mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu, alimwonyesha soketi, kisha akamwekea kadi ya manjano mezani.

"Nilimwambia hapa hatuchaji watu wavivu," anakumbuka Kajuju akicheka. "Simu yako ikila, na wewe ule kidogo."

Kadi ile ilikuwa na visanduku kumi na viwili, kila mwezi na sharti lake. Kitabu chenye mnyama kwenye jalada. Kitabu ulichokiacha njiani ulipokuwa shule. Kitabu cha mtu aliyezaliwa kabla ya babu yako. Kitabu cha mapishi. Ukimaliza kimoja unamsimulia Kajuju kwa dakika tano, ana kwa ana au kwa simu, naye anagonga muhuri. Waliochukua kadi walikuwa 41, wengi wao wanafunzi na walimu. Kufikia Desemba walibaki sita, na mmoja wao ni huyu bwana wa kisima.

Kwa nini aling'ang'ana hivyo? Jibu analo dada yake, Akal, anayeuza nguo za mitumba na kuishi Kiwanjani.

"Huyu ndugu yangu ni mtu wa nusu," anasema Akal bila kupepesa. "Shule, kidato cha pili. Udereva, alijifunza mpaka rivasi akaacha. Hata hiyo nyumba anajenga Chechelesi, imefika kwa dirisha ikakwama. Miaka nne! Mbuzi wanaingia wanalala ndani."

Ekidor anajua anachosemwa na hakatai. Shule aliiacha mwaka mbuzi wa baba yake walipokufa kwa ukame. Hayo mengine, anasema, yalikatika tu, na hajui hata yalikatikia wapi. "Hii kadi ndiyo nilisema nitamaliza. Hata kama ni kadi tu."

Mwezi kwa mwezi mihuri ikajaa. Hakujua kwamba ana wenzake.

Hapa kisimani kila jamii ina siku zake za kunywesha, utaratibu uliowekwa na kamati baada ya miaka ya kugombania maji. Jumatatu na Alhamisi ni za familia kadhaa za Kiborana. Mwezi wa pili vijana wao walisikia sauti ya mwanamume nyuma ya tangi, ikiongea bila kunyamaza, wala hapakuwa na mtu wa kumjibu. Mturkana, peke yake, anaongea na nani? Simu hazishiki hapa chini. Wakakata shauri kwamba ana redio ya upepo na anawaita wenzake waje wachukue mifugo.

Ilibidi atumwe mtu wa kusikiliza. Wakamchagua Gumato, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye ngamia kumi na mmoja, kwa sababu aliuza maziwa sokoni Isiolo miaka mingi na Kiswahili anakijua. Gumato alikaa chini upande wa pili wa tangi, akajifanya anapumzisha miguu, akasikiliza asubuhi nzima.

Jioni aliwapelekea habari: ni hadithi.

Alhamisi iliyofuata alikaa tena palepale, bila kutumwa na mtu. Baadaye wakaongezeka wanawake wengine wawili, naye akawa anawatafsiria kwa kunong'ona. Upande wa huku, Ekidor alisoma mbele ya mbu na mijusi akiamini hana msikilizaji duniani.

"Wao walininyamazia miezi nane," anasema. "Mimi hapa nasikia uchungu kwamba sina mtu. Na watu wako hapo, nyuma ya saruji."

Agosti sharti lilikuwa kitabu chenye safari ya miguu. Alipata riwaya fupi, kurasa 173, kuhusu mama mmoja anayemtafuta dada yake nchi nzima akiwa na punda mzee. Alifika ukurasa wa 142 zamu yake ikaisha. Akaondoka nacho, akazimaliza zile kurasa thelathini na moja ndani ya hoteli ya chai Chechelesi, akamsimulia Kajuju, akagongewa muhuri, akakirudisha. Akachukua cha Septemba, cha mapishi.

Jumatatu aliporudi, kina mama walikuwa wameshakaa mahali pao wakingoja kusikia kama yule mama amempata dada yake. Wakasikia vikombe viwili vya unga, mayai matatu, siagi, koroga polepole.

Walijadiliana sana. Mwishowe wakakubaliana kwamba mama wa punda amefika mjini na amefungua hoteli.

Ekidor hakuyajua haya mpaka katikati ya Oktoba. Wakati huo alikuwa na mihuri tisa na wasiwasi mmoja mkubwa: sharti la Desemba. Linasema, *Kitabu ulichochaguliwa na mtu anayekujua vizuri.* Alipanda kilimani akampigia Akal. Akal alikuwa na wateja. "Kitabu? Chukua yoyote tu, Ekidor, zote si ni karatasi?" Hakuona mwingine wa kumpigia. Yeye na mkewe hawaongei ila mambo ya karo. Alikaa siku ile nzima akihesabu watu wanaomjua vizuri, na anakiri kwamba alilia.

Alhamisi ya wiki hiyo alikuwa ameketi na kadi magotini Gumato alipozunguka tangi kwa mara ya kwanza.

"Salaam aleikum, mtu ya maji. Hiyo karatasi ni ya hospitali? Mbona uso iko hivyo?"

Akamweleza. Gumato akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nitachagua."

"Mama, wewe husomi."

"Kusoma ni kazi yako. Yangu ni kuchagua. Lete ile ya mama wa punda. Ulimwacha kwa barabara, na mvua inakuja, na yule punda mguu ni mbaya. Ama kweli alifungua hoteli?"

Ekidor anasema alikaa kama mtu aliyepigwa kofi. Hapo ndipo aliposimuliwa yote: vijana, redio ya upepo, mnong'ono wa kutafsiri.

"Nikamuuliza, kwani wewe unanijua? Akaniambia: najua ukifika mahali ya huzuni unakohoa. Najua unapenda watoto wakija kwa hadithi, sauti inakuwa ndogo. Najua Jumatatu ulisoma bila kula. Nani mwingine anajua hayo?"

Ekidor alitaka kumsimulia mwisho papo hapo. Gumato akakataa katakata. Asimuliwe kwani yeye mgonjwa? Anataka asomewe, neno kwa neno.

Kajuju hakuona tatizo. Sharti halisemi lazima kiwe kitabu kipya, alimwambia, ila akisome chote tena tangu ukurasa wa kwanza. Tatizo ni kwamba kitabu kilikuwa kimeazimwa na mwanafunzi wa bweni, hakingerudi mpaka shule zifungwe Novemba. Ekidor akatumia muda huo kutengeneza benchi. Mbao alizitoa kwenye masanduku ya kusafirishia paneli. Akazipiga randa, akaweka egemeo kwa ajili ya mgongo wa Gumato, akasugua kingo zisije zikachana nguo za kina mama. Lilikuwa tayari Ijumaa jioni.

Jumamosi mvua ikanyesha.

Isiolo nzima ilishangilia, na Ekidor naye, kwani nani asiyefurahia mvua baada ya mwaka kama huu. Lakini mvua ikinyesha, madimbwi hujaa kila mahali, na mfugaji hana haja ya kuswaga ngamia kilomita ishirini kufuata bomba. Huenda kwenye majani. Jumatatu hakuja mtu. Alhamisi hakuja mtu. Mchunga mbuzi aliyepita alisema familia ya Gumato imevuka barabara kuu kuelekea mashariki, nyasi huko zinafika magotini. Simu Gumato hana.

Kitabu kilimfikia Ekidor mwisho wa Novemba. Amekisoma upya tangu mwanzo, kwa sauti, mpaka ukurasa wa 142. Hapo amesimama.

Leo ni Jumatatu, tarehe 30 Desemba. Mihuri ni kumi na moja. Kesho saa kumi na moja jioni Kajuju anafunga maktaba na mwaka unaishia hapo. Zimebaki kurasa thelathini na moja, kazi ya saa moja na nusu kwa msomaji wa kawaida, na simu moja ya kilimani.

"Nimembembeleza," anasema Kajuju, ambaye tayari amebandika ukutani karatasi yenye nafasi ya majina ya waliomaliza. "Nimemwambia asome, nigonge, halafu mama akirudi amsomee tena. Nani atamlaumu? Hataki. Nilikasirika, nikakata simu. Halafu nikajifungia ofisini kidogo."

Mgeni naye anajaribu. Ekidor anacheka.

"Huo mwisho mimi naujua. Niliumaliza peke yangu, na chai, kwa hoteli. Hiyo ndiyo makosa yangu. Nikimaliza tena bila yeye, nitakuwa nimemwacha mara mbili."

Na dada yake atasema ni nusu tena?

"Aseme." Anatazama benchi. "Ni kweli ni nusu."

Inauma, wala hafichi. Usiku uliopita aliitoa kadi kwenye kipochi chake cha plastiki mara tatu, akakitazama kile kisanduku cheupe. Alifungua hata ukurasa wa 143, akasoma mstari mmoja, akafunga.

Saa nne asubuhi, saa ambayo ngamia wa Gumato wangekuwa wamejipanga horini, anasimama kando ya benchi na kusoma ukurasa wa 142 kwa sauti. Anasoma vizuri, bila haraka, kwa nguvu ya kumfikia mtu aliyekaa upande wa pili wa saruji. Anafika pale mama anapomfunga punda kitambaa mguuni na kuuliza njia. Anakohoa. Anaweka kadi ya manjano ndani kama alama, anafunga kitabu.

Anapanga kuendelea hivi kila Jumatatu na Alhamisi, ukurasa huo mmoja, ili asipoteze mahali. Kajuju amemwachia kitabu mpaka atakapokimaliza.

"Madimbwi yatakauka tu, mwezi wa pili, wa tatu," anasema. "Siombi yakauke, usiandike hivyo. Ng'ombe zao zinenepe kwanza, watoto wanywe maziwa. Lakini siku nitasikia hizo kengele za mbao za ngamia wao, sitauliza hata habari. Nitafungua mia moja arobaini na tatu. Kadi ingine nitachukua baadaye. Kwanza nimfikishe huyo mama wa watu."

Mgeni anapoianza safari ya kurudi lagani, manyunyu yameanza upya, yakipiga kwenye mahori yaliyojaa. Akigeuka, anamwona Ekidor amevua koti lake na kulifunika benchi.