Merikebu ya Muhidin wa Barani

Watu wa Barani wana macho. Ukinunua sufuria mpya leo, kesho jirani yuko mlangoni kuja kuiazima. Sasa Muhidin Gharib alidhani vipi kwamba mtu mzima, mwenye mke na watoto, angeweza kujifungia bandani kila alasiri akaunda merikebu ya kwendea kwenye nyota, na watu wasijue? Walijua. Walijua mpaka wauza mahamri.

Kazi yake ilikuwa kuchora mabango. Katika mwaka huo wa themanini na tano, maduka mengi ya Malindi yalikuwa na majina yaliyoandikwa na mkono wake, na hata hoteli za ufuoni zilimwita achore samaki na minazi ukutani. Mkono alikuwa nao, hilo hata wasiompenda hawakulikataa. Tatizo lilikuwa moyo. Alipokuwa kijana aliona moshi wa roketi ukipanda upande wa Ngomeni. Wenzake walitazama, wakasema subhanallah, wakarudi kwenye shughuli zao. Yeye akabaki shingo juu, na naweza kusema shingo ile haikurudi tena chini. Kisha sinema ya mjini ikaleta picha ya merikebu za angani, kubwa kama mtaa mzima, zimejaa taa na mabomba, na Muhidin akaenda kuitazama hadi mkata tiketi akamuuliza kama ana posa mle ndani.

Basi akaazimia kuunda yake. Si ya kuweka mezani, la. Alitaka kubwa, ya kuzidi urefu wa mtu aliyelala, aipeleke uwanja wa Idi, pale penye pembea, watoto na wakubwa waione. Fedha ya kununulia vifaa hakuwa nayo, lakini majaa ya hoteli hayana bawabu. Akakusanya vifuniko vya sufuria, mbavu za miavuli, wavu wa feni iliyoungua, vizibo vya dawa, herufi za taipureta iliyokufa. Misumari aliokota iliyopinda akaigonga juu ya jiwe ikanyooka. Gundi aliomba kwa fundi viatu. Meno ya kitana yakawa milingoti ya redio, na kalamu zilizokwisha wino zikawa mizinga.

Zeina, mkewe, hakumkataza. Wanawake wakimcheka kisimani yeye hujibu, "Wangu yuko bandani namsikia nyundo. Wako yuko wapi?"

Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye Muhidin alimwogopa, na hofu yenyewe ilikuwa ya mapenzi. Mtu huyo ni Mzee Farjallah, babake Zeina. Asili yao ni watu wa Pate, walioshuka Malindi na biashara ya boriti, wenye jina lao. Muhidin alipoenda kuposa, ukoo mzima ulikunja pua: mchora mabango, mtoto wa nani huyo? Mzee Farjallah akawakata maneno, akasema binti ni wake na yeye ameridhika. Tangu siku hiyo Muhidin alikuwa na ombi moja kwa Mola wake, asije akamtia aibu mzee yule mbele ya jamaa waliomkataa. Hilo tu. Mengine yote angeyavumilia.

Habari za merikebu zilipomfikia, mzee alimwita mkwewe barazani. Muhidin akaenda na jasho la mgongo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia unaunda chombo."

"Ni kweli, baba. Ni mchezo tu."

"Ukikimaliza, niite nije nikione. Usipokimaliza, usiniite."

Hayo yakawa maneno yote. Muhidin alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyepewa cheo.

Lakini merikebu haikutaka kusimama. Kila alipoiunga ikawa ndefu, ilipinda katikati. Akajaribu fito, zikapinda. Akajaribu mianzi, ikapasuka. Alihitaji miti miwili mirefu, myepesi, iliyonyooka, na mbao za namna hiyo duka la mbao halimpi mtu kwa salamu nzuri.

Siku moja alikwenda kutawadha msikitini, akapita nyuma ya birika, na hapo ndipo shetani alipomwonyesha. Jeneza kongwe la msikiti, lile la kubebea maiti mpaka makaburini kisha likarudishwa, lilikuwa limeegemezwa ukutani chini ya mabati. Jipya la chuma lilikuwa limekuja, zawadi ya tajiri mmoja, na hili la mti likawekwa kando. Muhidin akasimama na kata ya maji mkononi. Miti miwili mirefu iliyonyooka. Mbao za kupitia katikati. Na juu, ya Rabi, matao ya fito yaliyopindwa kwa ufundi, yale ya kushikilia shuka. Kumbe merikebu yake ilikuwa imeshaundwa nusu, inamngoja!

Angeuliza, yangekwisha. Angemwendea mwadhini akasema, shekhe, hiki kitu kina kazi? Lakini aliogopa kuulizwa unakitakia nini. Mtu aseme nini? Nataka jeneza niende nalo kwenye nyota? Akajiambia kwamba kitu kilichotupwa hakina mwenyewe. Mtoto wa chuo cha Kurani angemwambia kwamba kitu cha wakfu hakitupiki, mwenyewe ni Mungu, hata kikibaki kijiti. Na yeye alilijua hilo. Alilijua vizuri sana, akalifunika kama alivyolifunika jeneza lenyewe kwa jamvi, baada ya sala ya adhuhuri, watu walipokuwa wamelala, akamwita Kambi wa mkokoteni amchukulie.

Kambi alikuwa mtu wa Rabai, jirani mwema, si Mwislamu. Akauliza, "Ni kitanda hiki?"

"Namna ya kitanda," Muhidin akasema, na macho yake yalikuwa upande mwingine.

Merikebu ikasimama! Haikupinda tena. Vifuniko vikakaa mahali pake juu ya matao, wavu wa feni ukawa mdomo wa mtambo nyuma, mabomba yakapita ubavuni, na bandani mle kukawa na kitu ambacho hata mimi, na ulimi wangu huu, nisingekicheka. Ikabaki rangi. Alikuwa na mabaki ya rangi ya fedha, ile ya kupaka mabati yasishike kutu, lakini haikutosha. Akaizimua kwa mafuta ya taa. Akaizimua tena. Mchora mabango mzima, ajuaye kwamba rangi iliyozimuliwa hivyo haikauki ikashika, aliitia mafuta mpaka ikawa kama mchuzi, kwa kuwa Idi ilikuwa karibu na baba mkwe alikuwa anangoja kuitwa. Akapaka kila kitu, na mishikio yote minne. Jioni hiyo alimwambia Zeina, "Kesho nitamwita baba."

Kesho yake alfajiri wakaitwa wao. Mzee Farjallah alikuwa ameamka kwa sala, akaketi kitako, na hakuinuka tena.

Inna lillahi. Watu wakajaa. Maiti ikaoshwa, ikavishwa sanda, ikafukizwa udi. Wanaume walikuwa uani juu ya majamvi, wengi wao wale wale jamaa wa ukoo, na Muhidin katikati yao amevaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Alikuwa akilia kwa haki. Ndipo Harith, kaka mkubwa wa Zeina, akatoka ndani akasimama mlangoni.

"Baba ameacha wasia," akasema. "Lile jeneza la mti la msikitini aliliweka wakfu yeye, kwa ajili ya mamake. Mti aliuleta mwenyewe kutoka Pate. Hakutaka litajwe. Amesema la chuma si lake, yeye abebwe kwa lile. Nendeni mkalilete."

Na Muhidin? Hakujua. Wallahi hakujua! Lakini nani angemwuliza kama alijua?

Vijana wakaenda, wakarudi mikono mitupu. Jeneza halipo. Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema vitu vya maiti huibwa na wachawi. Mwingine akamgeukia mwadhini, mzee wa watu, akamuuliza funguo za lango hukaa na nani. Mwadhini akaanza kuapa, midomo inamtetemeka, na watu wakamtazama kama mtu asemaye uongo. Muhidin alimwona mzee yule anavyotetemeka, na bado akakaa. Akakaa kidogo tena. Hilo ndilo aliloona aibu nalo zaidi baadaye, kule kukaa. Mwishowe akainuka, akamshika Harith mkono, akamvuta pembeni, maana mficha uchi hazai.

"Shemeji, liko kwangu."

"Kwako wapi?"

"Bandani. Nimelitia ndani ya ile merikebu."

Harith hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alimtazama tu, kisha akasema, "Twende."

Harith akasimama mlangoni mwa banda, na Muhidin akaivua kanzu akampa aishike, akabaki na fulana na kikoi, akaivunja merikebu kwa mikono yake. Hakutafuta koleo. Vifuniko viliruka, kalamu zikamwagika, mbavu za miavuli zikamkata vidole. Kazi ya miezi na miezi ilikwisha kwa muda wa kuchemsha chai. Likabaki jeneza, linang'aa fedha tupu tangu mwanzo mpaka mwisho. Muhidin akaligusa. Lilionekana kavu.

"Nilipanguse kwa mafuta ya taa, litoke?"

"Baba anukie mafuta ya taa?" Harith akasema. "Lichukue hivyo hivyo."

Likaingia uani namna hiyo, kichwani mwa Muhidin, ambaye hakuivaa kanzu yake mpaka aliponawa. Watu waliliona, wakamwona aliyelibeba, wakaelewa. Ugomvi ukawekwa kando, maana pale palikuwa na maiti. Shuka ikatandazwa juu ya matao, lakini miti ya kushikia ikabaki wazi, inameta juani. Jamaa wa ukoo wakatazama chini. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na hakuna aliyemwambia.

Mwajua jeneza linavyokwenda kwetu. Halibebwi na watu maalumu. Kila mtu anataka thawabu, anaingiza bega hatua chache, anampisha mwenzake, huku watu wanasoma la ilaha illallah, na jeneza linapita juu ya mabega mbiombio. Siku ile walikuwa wengi, maana Mzee Farjallah alipendwa. Hata Kambi aliingiza bega, na shati lake la kazi. Harith aligeuka, akamwona Muhidin nyuma, akampungia mkono aje. Muhidin akarudi nyuma. Mwingine akampisha kabisa, akamwachia nafasi, "Ingia, mkwe." Akatikisa kichwa. Alijiona najisi. Alisema moyoni, nimeshamfanyia mzee wa watu haya, sasa nimguse kwa bega gani? Akaona kwamba kukaa nyuma ndiyo adabu. Akaenda mkiani mpaka makaburini, nyuma ya watoto.

Jua lilikuwa kali na mabega yalikuwa na jasho. Walipokwisha kutia udongo na watu kuinua mikono kuomba dua, Muhidin aliinua macho akaona. Kila kanzu iliyokuwa mbele yake ilikuwa na mlia wa fedha begani. Ya Harith, ya mwadhini, za wale jamaa waliomkataa, safu kwa safu. Rangi ilikuwa imewashika wote. Alitamani mzee anyanyuke ampishe yeye mle shimoni.

Alikaa siku za matanga hajatoka, hadi hitma ikasomwa. Zeina aliporudi nyumbani kutoka kwa mamake, macho yamemvimba, Muhidin alikuwa amejiandaa kwa kila neno. Alikuwa tayari kuachwa. Zeina akaweka karai la maji uani, akaketi kibagoni, akaanza kufua.

"Mama amekusamehe jeneza," akasema, bila kumtazama. "Harith pia. Amesema baba angelicheka, angesema chombo chake kimekuwa na safari mbili."

Muhidin akamsogezea ndoo ya maji.

"Kule matangani tumefua kanzu mpaka mikono ikachubuka. Ile rangi haitoki. Kaka Harith akasema tuache, isitoke. Wanaume wote wamesema ziachwe, watakwenda nazo Ijumaa hivyo hivyo, ndiyo alama ya kuwa walimbeba baba. Hata mkewe Kambi amekataa kulifua lile shati." Akanyoosha mkono. "Nipe yako."

Akampa. Zeina akaitandaza mapajani, akalitafuta bega la kulia. Akaligeuza la kushoto. Akarudi la kulia, akalivuta kwenye mwanga, akapitisha kidole polepole kwenye mshono, kama mtu anayetafuta sindano. Kisha kidole kikatulia.

"Hukumbeba," akasema.

"Zeina, niliona haya..."

"Watu wote wa Barani walimbeba. Kambi alimbeba." Sauti yake haikupanda. "Na wewe, yeye ndiye aliyekupa mimi."

Akaikunja ile kanzu, mkono juu ya mkono, nyeupe pe, haina hata doa. Akamrudishia.

"Hii haina haja ya kufuliwa," akasema, akachukua nguo za watoto.